Ladha ya Utii: Mhadhara juu ya Ikhlasi na Furaha ya Ibada

 

Jambo nililotakiwa kulisema mbele yenu ni jambo ambalo sote twalijua kwa jina na wachache wetu ndio walijuao kwa ladha, nalo ni furaha aipatayo mja katika kumtii Mola wake kwa moyo uliosafika. Kwamba utii ni wajibu hakuna abishaye. Tangu tulipokuwa watoto tukikaa juu ya jamvi la chuoni tulifundishwa ni ngapi faradhi za sala, na ni lipi litengualo udhu, na ni nani mwenye kustahiki zaka. Walakini ukimtazama mtu wa wastani katika sisi, utaona kuwa ameuchukua utii kama deni la mtu mkali, alipaye akiwa amekunja uso na akishalipa akashusha pumzi. Ama furaha yake ameiweka kando, aende akaitafute baada ya ibada, akishatoa salamu ya mwisho na kuvaa viatu vyake mlangoni mwa msikiti. Hali hii si ndogo, kwa kuwa moyo wa binadamu haudumu na jambo usilolipenda, na mwenye kumtii Mungu kwa kuchoka hatakosa siku atakayotafuta ruhusa ya kuacha.

Ninalotaka kulithibitisha, kwa tawfiki ya Mungu, ni neno moja tu: ya kuwa uzito tunaouona katika ibada hautoki katika ibada yenyewe, wala hautoki katika wingi wake, bali watoka katika moyo uliogawanyika, na ya kuwa mtu akiukusanya moyo wake ukamwelekea Mmoja, utii ule ule uliokuwa mzigo kwake utageuka kuwa raha yake.

Kurani Tukufu, katika Sura ya Azzumar, imetupigia mfano wa watu wawili: mmoja amemilikiwa na washirika wenye kugombana juu yake, na wa pili ni wa bwana mmoja tu, kisha ikauliza kama wawili hao wanalingana. Wafasiri wameueleza kuwa ni mfano wa mshirikina na mwenye kumpwekesha Mungu, na ndivyo ulivyo. Lakini mwenye kuipeleleza nafsi yake atauona mfano huo ukifanya kazi hata ndani ya kifua cha mtu asaliye sala tano. Kwani yamkini mtu akamwabudu Mungu mmoja kwa ulimi wake, na moyoni mwake wakawa wamekaa mabwana wengi: jirani ambaye angependa amwone mcha Mungu, mkwe ambaye angependa amsifu, mshindani wake ambaye hataki amshinde kwa sadaka, na nafsi yake mwenyewe, ipendayo kujitazama na kujipendeza kwa ilichokitenda. Kila mmoja katika mabwana hao adai haki yake, wala hapana hata mmoja ashibaye. Akisali kwa haraka achelea kusemwa. Akirefusha achelea kuambiwa ajionyesha. Akitoa kingi aililia mali, na akitoa kichache azililia sifa. Basi mtu wa namna hii atapata wapi nafasi ya kufurahi, naye katika rakaa mbili tu amekwisha kuwatumikia wanne?

Tena Kurani imeviweka mahali pamoja vitu viwili ambavyo sisi twavidhani viko mbalimbali. Katika Sura ya Annisaa, inapowataja wanafiki, yatueleza kuwa husimama kwenye sala kwa uvivu na kwamba wao hujionyesha kwa watu. Mtu angetazamia kuwa ajionyeshaye awe mchangamfu, mwepesi wa kuinuka, mwenye kutangulia safu ya mbele. Kumbe uvivu na riya ni ndugu wa tumbo moja. Na sababu yake iko wazi kwa mwenye kufikiri, maana atendaye kwa ajili ya macho ya watu hana nguvu ila macho yakiwapo, na macho yakiondoka nguvu humkatika. Kwa hiyo sala yake ya adhuhuri msikitini yaweza kuwa ndefu, na sala yake ya alfajiri nyumbani ikawa kama kitu cha kukimbiwa. Kadhalika katika Sura ya Albakara twaambiwa kuwa sala ni jambo zito isipokuwa kwa wanyenyekevu. Haikusemwa kuwa ni nyepesi kwa wenye afya, wala kwa wenye faragha, wala kwa vijana wasiosumbuliwa na magoti. Uzito na wepesi vimefungamanishwa na hali ya moyo, wala havikufungamanishwa na hali ya kiwiliwili wala ya saa.

Mfano ulio wazi kupita yote niijuayo katika habari hii ni ule wa Imamu Abu Hamid Al-Ghazali. Alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan, mwaka 450 wa Hijra, nao ni 1058 wa Miladi. Na alipofika umri wa miaka thelathini na minne Waziri Nizam al-Mulk akampa kiti cha kufundisha katika Madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, kiti ambacho wanavyuoni wa zama zile walikiona kuwa ndicho kilele cha jaha ya elimu. Walikaa mbele yake wanafunzi 300. Mawaziri walimheshimu, mahasimu walimwogopa, na fatwa zake zilitembea mbali. Tena hakuwa akifanya maasi: alikuwa akifundisha sheria ya Mungu, na kufundisha sheria ya Mungu ni katika matendo bora ya utii.

Lakini katika kitabu alichokiandika baada ya kupita miaka hamsini ya umri wake, atueleza bila ya kujificha kuwa siku moja aliitazama nia yake katika kufundisha akaiona haikusafika kwa ajili ya Mungu, bali kilichoisukuma kilikuwa kutafuta cheo na kuenea kwa jina. Tangu mwezi wa Rajabu mwaka 488, muda wa karibu miezi sita, akawa anavutwa huku na huku: asubuhi aazimu kuondoka Baghdad, jioni azimio livunjike, utii wamwita upande huu, na jaha yamshika nguo upande ule. Mwisho ulimi wake ukafungika. Alitaka kusomesha japo siku moja ili awaridhishe waliokuja kumsikiliza, neno lisimtoke. Huzuni ikamwingia moyoni, chakula kikawa hakipiti, nguvu zikamwisha. Na matabibu waliomtazama wakakata tamaa wakasema kuwa maradhi haya yametoka moyoni yakashuka mwilini, wala hayana dawa ila moyo upumzike na kilichouhangaisha. Hapo akagawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto wake, na mnamo Mfunguo Pili wa mwaka ule ule, nayo ni Novemba 1095, akatoka Baghdad akaenda Damascus, akawa anajifungia katika mnara wa msikiti mkuu wa mji ule. Kisha akaenda Baitul Mukaddas, kisha Makka na Madina.

Nawaombeni mzingatie, jamaa, ni kitu gani kilichomwuguza mtu huyu. Hakuugua kwa kukosa ibada, wala hakuugua kwa kuzidisha. Aliugua kwa kufanya tendo tukufu na moyo uliopasuka vipande viwili. Na ushahidi wa maneno haya ni jambo lililotokea baadaye, kwani mwaka 499, baada ya miaka kumi na moja, alirudi tena kufundisha, safari hii katika mji wa Nishapur. Kwa dhahiri alirudi kwenye kazi ile ile aliyoikimbia: wanafunzi mbele yake, vitabu mkononi, elimu mdomoni. Yeye mwenyewe atuambia kwamba ijapokuwa amerudi kwenye kueneza elimu, hakika yake hakurudi alikokuwa. Maana zamani alikuwa akiwaita watu kwenye elimu ya kuchumia jaha, na sasa awaita kwenye elimu ya kuiacha jaha. Kazi ilikuwa moja, na kiti kilikuwa sawa na kiti. Kilichobadilika ni moyo, na kazi iliyomfunga ulimi Baghdad ikawa kazi aliyoichagua tena kwa hiari. Mfano huu watosha kuwa dalili kwamba atafutaye furaha katika utii hana haja ya kubadilisha wingi wa matendo yake kabla hajabadilisha mwelekeo wake.

Pengine atainuka mwenye kuuliza akasema: Ikiwa ikhlasi ni kutotazama chochote ila Mungu, je, mwenye kutumaini Pepo na kuogopa Moto si mkhlisi? Jibu ni kuwa Mungu mwenyewe ndiye aliyetuahidi Pepo na kutuhadharisha na Moto, na haiwi aibu kwa mja kutumaini alichoahidiwa na Bwana wake. Mwenye kuiogopa adhabu ya Mungu amemwelekea Mungu, na mwenye kuzitumaini neema zake amemwelekea Yeye vile vile. Kinachouchafua utii ni kumtia kiumbe mahali pa Muumba, na kuyatafuta mikononi mwa watu malipo ya kazi isiyokuwa yao. Hata hivyo ziko daraja, na Rabia wa Basra, mwanamke mchaji wa karne ya pili ya Hijra, amekumbukwa mpaka leo kwa kuwa alitaka kumwabudu Mungu kwa sababu ni Yeye, si kwa hofu ya Moto wala kwa tamaa ya Pepo. Nasi tusioifikia daraja yake tusikate tamaa, ila tujue iko njia, na mbele kuna nafasi.

Na aliye kileleni mwa daraja zote ni Mtume wetu, sala na salamu zimfikie. Bibi Aisha amesimulia jinsi alivyokuwa akisimama usiku katika sala mpaka miguu yake ikavimba. Na alipoulizwa sababu ya kujitaabisha hivyo, naye amekwisha kusamehewa na Mola wake, alijibu kwa kuuliza kama haimpasi kuwa mja mwenye kushukuru. Tazameni jibu hilo lilivyoufunga mlango wa deni na kuufungua mlango wa mapenzi. Hakutaja adhabu, wala hakutaja malipo. Alitaja shukrani, na mwenye kushukuru hasimami kwa kusukumwa. Ndiyo maana imepokewa kuwa sala ilijaaliwa kuwa kituo cha macho yake, na kwamba alikuwa akimtaka Bilali awaadhinie ili wapumzike kwa sala. Wapumzike kwayo, jamaa. Ama sisi, aghalabu yetu twataka kupumzika nayo.

Katika vitabu vya Bukhari na Muslim, sahaba Anas bin Malik amepokea Hadithi itajayo mambo matatu ambayo mwenye kuwa nayo huionja ladha ya imani: kuwa Mungu na Mtume wake wawe wapenzi zaidi kwake kuliko kila kitu; na ampende mtu, asimpende ila kwa ajili ya Mungu; na achukie kurudi katika ukafiri kama achukiavyo kutupwa motoni. Hapana katika matatu hayo hata moja lililo hesabu ya rakaa au kiasi cha mali. Yote matatu ni habari ya moyo unapenda nini na unachukia nini. Matendo ya dhahiri ni lazima, wala hapana atakayeyavuka akabaki salama. Lakini ladha imewekwa katika mapenzi, na asiyeyaweka sawa mapenzi yake atayafanya matendo yote na ulimi wake ukabaki mkavu.

Sasa na tuwatazame waliotenda. Ali mwana wa Husein, aliyepewa lakabu ya Zainul Abidin, alikaa Madina na akafariki huko mwishoni mwa karne ya kwanza ya Hijra. Zilikuwapo Madina nyumba za mafukara zilizokuwa zikipata riziki usiku pasina kujua aletaye ni nani. Na wako hata waliodhani kuwa yeye ni bakhili. Alipokufa, riziki ile ya usiku ikakatika, na walipokuwa wakimwosha wakaona mgongoni mwake alama za magunia aliyokuwa akiyabeba gizani. Mtu huyu alidhaniwa na baadhi ya watu kuwa ni bakhili naye akavumilia, wala hakuona haja ya kujitetea, kwa sababu hukumu aliyoitafuta haikuwa mikononi mwao. Uko uhuru gani mkubwa kuliko huu? Mwenye kungoja sifa za watu ni mateka wao. Mwenye kuridhika kuwa Mungu amemwona, huyo hata akitukanwa atalala usingizi wake.

Nasi watu wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kila siku kutafuta mifano. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akahamia Lamu katika karne ya 19, nasaba yake na elimu yake zingalimtosha kukaa na wakubwa wa mji na kuangaliwa kwa heshima. Lakini alichagua kukaa Langoni na watu ambao mji wakati ule uliwahesabu kuwa duni, wakiwamo waliokuwa watumwa na watoto wao, akawasomesha Kurani na dini kama asomeshavyo mtu ndugu zake. Wako waliomlaumu kwa kukaa na watu wale, na wako waliomlaumu kwa matari yaliyopigwa katika maulidi yake. Naye hakuwaacha wanafunzi wake kwa ajili ya lawama. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukasimama Msikiti wa Riyadha, na watu wajazanao Lamu kila Mfunguo Sita kwa Maulidi ya Mtume wanajua kuwa ibada iliyoanzwa na mtu asiyewahesabu wakubwa haikuwa ibada ya huzuni. Furaha ile ilikuja kwa njia ambayo mtu mwenye kutafuta jaha asingaliipita.

Nimefika mahali ambapo ni lazima niseme na wale walionisikiliza kwa huzuni, wakajiambia mioyoni mwao: Sisi twasali, na twafunga, na hatujionyeshi kwa mtu, wala hatuioni hiyo furaha isemwayo. Kwenu nyinyi nina maneno mawili. La kwanza ni kuwa msikose subira. Thabit Al-Bunani wa Basra, mwanafunzi wa yule Anas niliyemtaja, amepokewa akisema kuwa alitaabika na sala muda wa miaka ishirini, kisha akaistarehea miaka ishirini. Apandaye mnazi haukatai kwa kuwa mwaka wa kwanza haukumpa dafu. Aumwagilia, aupalilia, na kuutumaini, kwa kuwa ajua tabia ya mnazi. Basi na moyo una tabia yake: umezoea miaka mingi kufurahishwa na viumbe, na hautaacha mazoea yake kwa sala ya juma moja. Yule asaliye hali moyo wake ni mkavu, naye hakuacha, amesema kwa kitendo chake kuwa amtaka Mungu kuliko aitakavyo raha yake mwenyewe, na haya ni katika maneno mazito ambayo mja aweza kumwambia Mola wake.

La pili ni hadhari. Furaha ya utii yapatikana na asiyeikimbilia. Mwenye kusali ili ajisikie vizuri, akaipima sala yake kwa machozi yaliyomtoka na wepesi alioupata kifuani, huyu amemtoa jirani katika moyo wake akaiweka nafsi yake mahali pale pale. Na bwana huyu mpya ni mgumu kuliko wa kwanza, kwani jirani huenda zake nyumbani kwake, na nafsi haibanduki. Mtafuteni Mungu. Akikupeni furaha, ishukuruni. Akiichelewesha kwa hekima yake, endeleeni, maana ahadi yake haikufungwa na saa mnazozipenda nyinyi.

Tena atakuwapo atakayeyasikia haya akaingiwa na wasiwasi, akasema: Kwa kuwa nia yangu haijasafika, bora niache kutoa sadaka mpaka nisafike, nisije nikafanya riya. Huu ni mtego. Fudhail bin Iyadh, ambaye ujanani mwake alikuwa mnyang'anyi wa njiani na akafa Makka mwaka 187 wa Hijra akiwa miongoni mwa wachaji wakubwa, alionya kwamba kuacha tendo kwa ajili ya watu nako ni riya. Aliyeacha kwa sababu ya macho na aliyetenda kwa sababu ya macho, wote wawili wameyatii macho. Tenda, na huku ukitenda ipiganie nia yako; kwani hata Sufyan Ath-Thauri, mwanachuoni aliyejaa elimu, alikiri kuwa hakutibu kitu kilichomshinda kuliko nia yake, kwa vile ilivyokuwa ikimgeuka.

Ama dawa, wanavyuoni wametaja nyingi, nami nitazitaja nne ambazo kila mtu aweza kuzianza leo pasina gharama. Ya kwanza ni kusimama kidogo kabla ya tendo na kujiuliza ni kwa ajili ya nani. Kusimama huko hakuzidi pumzi mbili, na mara nyingi hutosha kuurudisha moyo njiani. Ya pili ni kuwa na tendo moja jema lisilojuliwa na mtu yeyote, si mke wala mume, si rafiki wala mtoto, liwe sadaka, au uradi, au rakaa za usiku. Kwa kuwa moyo uliozoea kuwa na siri na Mungu hupata kumwonea haya na kumpenda. Nami nalisema hili kwa mkazo, kwa kuwa siku hizi twaona kibaba cha unga hakimfikii maskini mpaka picha yake imetangulia kuwafikia watu, na maskini yule amelazimishwa kuilipa sadaka kwa uso wake. Ya tatu ni hesabu ya usiku, ambayo Ghazali aliiandikia kitabu kizima katika *Ihya*: mtu ajihoji kabla ya kulala, si juu ya alichokitenda tu, bali juu ya alichokitaka alipokitenda. Na ya nne ni kipimo, nacho ni kikali kwetu sisi tupandao mimbari: akitokea mjini mwenye kuwaidha vizuri kuliko wewe, na watu wakakuacha wakamwendea, je, wafurahi kuwa Mungu amepata mtumishi mwema, au waumia? Mwenye kuumia na ajue kuwa dukani mwake kulikuwa na bidhaa nyingine chini ya jina la dini.

Wala msidhani, mama zangu, kuwa maneno haya ni ya wanaume wa msikitini na wanavyuoni wa madrasa. Mtume alimwambia Saad bin Abi Wakkas kuwa kila akitumiacho kwa kutaka radhi za Mungu atapata thawabu kwacho, hata tonge aitiayo kinywani mwa mkewe. Ikiwa tonge imeingia katika ibada, basi na mkono ulioipika umeingia, na usingizi uliokatwa kwa ajili ya mtoto mgonjwa umeingia, na biashara iliyopimwa kwa mizani ya haki imeingia, na barua ya ofisini iliyoandikwa bila ya kula rushwa imeingia. Hapa ndipo furaha ya mkhlisi ipitapo furaha ya kila mtu: siku yake haina saa iliyopotea, kwani nia imezigeuza kazi zake zote kuwa utii, na Yule anayemfanyia kazi haghafiliki wala hasahau.

Neno langu la mwisho ni kwa wazazi na walimu wa vyuo. Tumewafundisha watoto wetu utii kwa fimbo na kwa habari za Moto, na mara nyingi tukasahau kuwaonyesha kuwa sisi wenyewe twaupenda. Mtoto humtazama baba yake ainukapo kwenda kusali. Akimwona ainuka kwa kunung'unika, amekwisha kufundishwa kuwa Mungu ni mzigo, na hakuna darasa litakalolifuta somo lile kwa wepesi. Wafundisheni mipaka ya Mungu, kwa kuwa isiyofundishwa haifuatwi. Lakini wafundisheni pia, kwa nyuso zenu na kwa siri zenu njema, kuwa kumtii Yeye ni heshima tuliyokirimiwa. Na kila mmoja wetu atokapo hapa na achague tendo moja tu la utii ambalo amekuwa akilifanya kwa mazoea au kwa haya ya watu, alirudie kesho kwa ajili ya Mungu peke yake, na aendelee nalo hata kama halijamwonyesha ladha yake. Ladha ni ya Mungu kuitoa. Kazi yetu ni kuusafisha moyo utakaoipokea. Na tawfiki iko kwake.